Nani Alishona Hilo Paa?

Gari la zamani la paa la kukunja likipita Ngong Road Jumapili mchana, watu hugeuka. Mmoja atasifu rangi, mwingine atasikiliza injini kama daktari, mwingine atatoa simu apige picha. Sijawahi kuona mtu akiangalia paa. Na paa ndiyo sehemu ya gari hilo ambayo, karibu kwa hakika, si ya zamani. Bodi inaweza kuwa ya 1967. Injini pia, na usukani, na hata ile harufu ya ndani. Kitambaa hapana. Kitambaa hufa. Jua hukikausha, mvua huingia kwenye mishono, na kila ukikikunja kinakunjika pale pale kilipokunjika jana, mpaka siku kinapasuka. Miaka kumi, labda ishirini ukiwa na gereji nzuri, na kinatoka chote, kinawekwa kingine.

Maana yake ni kwamba kila gari la aina hii lililo hai leo limewahi kupita mikononi mwa mtu mwenye sindano, na mengine yamepita mara tatu au nne. Jina la kampuni liko mbele kwenye boneti, limeng'arishwa. La mtu wa sindano haliko popote. Kwenye vitabu vya historia ya magari yupo kwa njia ile mpishi yupo kwenye picha za harusi: chakula unakiona.

Nimekuwa nikimtafuta kwa karibu mwaka mmoja sasa, na ilibidi nianze mbali.

Wengi hudhani paa la kitambaa ni anasa iliyobuniwa baadaye kwa matajiri wanaotaka upepo. Ni kinyume. Gari la Karl Benz la 1886, lile linalohesabiwa kuwa la kwanza, halikuwa na paa lolote. Yaliyofuata yaliiga magari ya farasi: kiti, magurudumu na, ukibahatika, ngozi au turubai la kuvuta juu mvua ikianza. Hata jina kabrioleti limetoka huko. Lilikuwa jina la kigari chepesi cha magurudumu mawili huko Ufaransa, kilichorukaruka sana barabarani hadi kikaitwa kwa neno linalotokana na mruko wa mbuzi. Yeyote aliyepanda mathree ya kiti cha nyuma kabisa kwenye barabara mbovu anaelewa.

Waliokaa ndani ya vioo na mbao ndio walikuwa matajiri. Mwaka 1919, karibu magari 9 kati ya 10 yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya wazi. Kisha 1922 kampuni ya Hudson ikaleta Essex iliyofungwa kwa bei isiyokuwa mbali sana na ya wazi, na kufikia 1925 ile iliyofungwa ikawa nafuu zaidi. Mwisho wa muongo huo hesabu ilikuwa imepinduka, 9 kati ya 10 yamefungwa. Lakini hata hayo yaliyofungwa, ebu panda juu uangalie. Katikati ya paa kulikuwa na nafasi kubwa iliyozibwa kwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji, kimepigiliwa juu ya mbao, kwa sababu viwanda havikuwa bado na bamba la chuma pana vya kutosha kufunika paa zima. General Motors ilipotoa paa la chuma la kipande kimoja kwa magari yake ya 1935, iliona ni habari kubwa kiasi cha kulipa jina la kutangazia, Turret Top. Kwa hivyo kwa karibu miaka 50 ya kwanza, gari lenye paa lilikuwa gari lililopitia kwa fundi wa kitambaa. Msee wa sindano hakuwa wa pembeni. Alikuwa ndani ya kiwanda, kwenye mstari, na mshahara.

Kitambaa chenyewe kina ukoo wake, na si ukoo safi. Mwaka 1823 mwanakemia wa Glasgow, Charles Macintosh, alipata hataza ya kuyeyusha mpira kwa nafta iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, kisha kuupaka kati ya vitambaa viwili kama siagi kwenye mkate. Maji hayapiti. Tatizo ni kwamba mpira huo ulinata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, mpaka Charles Goodyear wa Marekani na Thomas Hancock wa Uingereza walipojua kuupika na salfa, wakachukua hataza zao 1844, kila mmoja kwake. Vitambaa viwili na mpira katikati: huo ndio mpangilio wa turubai la paa la gari. Ukishika kitambaa kizuri cha paa leo ukikate pembeni, utaona tabaka hizo tatu bado.

Sasa jiulize mpira ulitoka wapi wakati magari yanaanza kuzagaa. Mwingi ulitoka Amazon. Mwingine ulitoka Congo ya Leopold, ile aliyoimiliki kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, ambako vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa msituni, wanawake wakafungwa kama rehani ili waume zao waende kuukusanya, na mikono ya watu ikakatwa. Picha ambazo mmisionari Alice Seeley Harris alizipiga mwaka 1904 zilisaidia kuuzindua ulimwengu. Siwezi kukuambia kwamba paa la gari fulani la 1905 lilitoka kwa mti fulani karibu na kijiji fulani. Mpira ukishafika bandari ya Antwerp ni mpira tu, hauna jina. Lakini hilo ndilo linalonisumbua kuhusu kitambaa. Kila hatua yake, kuanzia mkamuaji hadi mshonaji, imeundwa ili usijue ni nani.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni Beetle.

Niliacha kampasi mwaka wa tatu, hadithi ndefu na haihusiani na haya, na nikakaa miezi minane nikimsaidia fundi wa viti kwenye kibanda kimoja huku Eastlands, huku usiku nikiandikia tovuti yoyote inayolipa. Kazi nyingi ilikuwa viti vya mathree, sofa za watu, na turubai za pikapu na Land Rover, ambayo tangu 1948 ilipoanza kutoka kiwandani Solihull imekuwa rafiki mkubwa wa mafundi wa turubai. Halafu siku moja ikaburutwa Beetle ya paa la kukunja. Mwenye gari alikuwa mama wa makamo aliyerithi kwa babake. Paa lilikuwa limebaki nyuzi.

"Fundi, hii unaiweza?" akauliza.

Mzee alizunguka gari mara mbili, akabonyeza mbao ya mbele kwa kidole gumba. Kidole kikaingia. "Madam, niachie wiki tatu," akasema. "Na usinipigie simu kila siku."

Beetle ya kawaida sote tunaijua, hata waliozaliwa juzi. Ilishinda Safari Rally mwaka 1954, ikarudia 1957 na 1962, na ikawa gari la mwalimu, la padri, la karani. Ile ya paa la kukunja ni ndugu yake wa mji mwingine. Volkswagen haikuitengeneza Wolfsburg; iliwapa kazi Karmann, watu wa Osnabrück waliotoka kwenye ufundi wa magari ya farasi, na kuanzia 1949 hadi Januari 1980 zikatoka 331,847. Ukikata paa la chuma la Beetle unaondoa nguvu yake, bodi inaanza kujipinda kama sanduku lisilo na kifuniko, kwa hivyo Karmann waliongeza vyuma chini ya milango. Na paa walilolishona halikuwa mwavuli tu. Lilikuwa nene, lenye kitambaa cha nje, godoro la singa za farasi katikati, na kitambaa kingine laini cha ndani kinachoficha vyuma vyote, na nyuma kioo halisi, si plastiki. Ukilikunja linakaa mgongoni kama mtoto aliyebebwa, na dereva hasomi vizuri kioo cha kuangalia nyuma. Hakuna mwenye Beetle hii anayelalamika kuhusu hilo. Mvua ya Ujerumani haikuwa mzaha, na paa hilo liliiweza.

Kubadilisha paa kama hilo kunaanza kwa kuvua, lakini huvui ovyo, kwa sababu kile kitambaa kilichooza ndicho ramani. Mzee alikitoa msumari kwa msumari, mimi nikiijaza misumari ile midogo kwenye kopo la rangi. Akakitandaza chini, akakilainisha kwa kiganja, akachora kingo zake kwenye karatasi ya mfuko wa simiti uliopasuliwa na kupanguswa. Chini ya kitambaa lilikuwa godoro, limegeuka vumbi na singa. Chini ya godoro fremu ya chuma, yenye viungo na pinde. Na mbele na nyuma, mbao. Watu hushangaa wakisikia gari la Ujerumani lina mbao kichwani, lakini lazima kuwe na kitu cha kupokea misumari. Ya mbele ilikuwa imeisha kabisa. Akachonga nyingine ya mvule, akaijaribu, akaichonga tena, siku mbili zikaisha kwenye kipande hicho kimoja.

Halafu mikanda, ile inayozishika pinde zisiachane. Hapa ndipo kazi inafaulu au inaharibika, na hapa ndipo nilielewa kwa nini Mzee hakutaka simu. Mkanda ukizidi kwa upana wa kidole, paa litalegea na kupiga makofi njia nzima ya Thika. Ukipungua kiasi hicho hicho, paa halitafika kwenye kioo cha mbele ukilifunga, hata mvutane watu wanne. Alipima kwa utepe, kisha akapima tena kwa kuvuta mkanda na kuupiga kwa kidole, akisikiliza. Mpaka leo sijui alikuwa anasikia nini. Nilijaribu, ukalia kama mkanda.

Cha ndani kilitangulia, kikashonwa kwa mkono kwenye pinde kwa shazia lililopinda. Godoro likafuata. Cha nje alikianika juani kwanza, kwenye boneti ya pikapu ya jirani, hadi kikalainika. Reksini ikiwa baridi haivutiki. Ikiwa moto inakubali umbo unalolitaka, kisha ikipoa inajikaza yenyewe. Huko Ulaya mafundi hutafuta chumba chenye joto. Mzee alitoka tu nje saa saba mchana. Waya ukapitishwa ndani ya ukingo wa nyuma, ukakazwa, na kitambaa kikajibana kwenye mwili wa gari kama kimenyweshwa. Kioo cha nyuma kilirudi mwisho. Siku ya kumi na tisa tulimwagia ndoo sita za maji. Ndani palikuwa pakavu.

Kuna vifurushi vya paa la Beetle vilivyokwisha kushonwa tayari, vinauzwa Marekani na Ulaya. Kikifika hapa, na usafiri na ushuru, bei yake itakufanya utafute kiti ukae. Na hata ukikinunua bado utahitaji mtu anayejua mikanda.

Viwanda vimejaribu mara nyingi kumwondoa mtu huyu. Jaribio ninalolipenda ni la Georges Paulin, daktari wa meno wa Paris, ndiyo, wa meno, aliyebuni paa la chuma linaloingia lote ndani ya buti. Peugeot ililiweka kwenye gari lake la 401 Eclipse mwaka 1934. Hakuna kitambaa, hakuna mshono, hakuna kuoza. Paulin akaendelea kuchora magari mazuri kuliko madaktari wote wa meno duniani, na vita vilipokuja akawa anawapa Waingereza habari za siri. Wajerumani walimkamata, wakamwua kwa risasi Mont-Valérien tarehe 21 Machi 1942. Wazo lake lilirudi Marekani 1957 kwenye Ford Skyliner, lenye mota kadhaa na nyaya za zaidi ya mita 180 za kukunja paa peke yake. Baada ya miaka mitatu Ford wakaachana nalo. Kumlipa fundi wa kitambaa kulikuwa rahisi.

Kisha kukaja woga. Novemba 22, 1963, John F. Kennedy alipita Dallas kwenye Lincoln iliyoachwa wazi kwa sababu mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Lile paa la plastiki walilokuwa nalo halikuwa la kuzuia risasi, lakini baadaye gari lilijengwa upya likapewa paa lisilotoka, likaendelea kubeba marais hadi 1977. Ajabu ni kwamba marais wetu hawakuchukua somo hilo. Hadi leo Jamhuri Dei mkuu wa nchi huingia uwanjani amesimama kwenye gari lisilo na paa, na watu wanapiga vigelegele. Kwa raia wa kawaida, mazungumzo ya sheria za usalama, feni za kupoza hewa, na kasi ya barabara kuu vilitosha. Mwaka 1976 Cadillac ilitangaza Eldorado yake kuwa kabrioleti ya mwisho ya Marekani, ikamalizia na 200 nyeupe za kumbukumbu. Watu wakanunua na kuzificha kama dhahabu. Miaka michache baadaye kampuni ikaanza kuziunda tena, na baadhi ya walionunua wakaenda mahakamani. Manze, mtu kushtaki kwa sababu kitu anachokipenda hakijafa!

Ufundi wa paa ulitoka kiwandani hivyo, kidogo kidogo, ukaenda kwa vibanda. Na hapa kwetu vibanda vina jina ambalo huwa nalirudia kichwani nikicheka. Jua kali. Watu waliofanya kazi bila paa ndio walioshona mapaa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyowafanya wachumi waanze kuwaona watu hawa kama sekta na si kama kero ya barabarani. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wakigonga vyuma juani, akaahidi kuwajengea mabanda. Yakajengwa, ya mabati. Mzee alikuwa kijana wakati huo, mwanafunzi wa fundi mwingine Kirinyaga Road, ambayo yeye bado anaiita Grogan ingawa jina lilibadilishwa kabla hajafika mjini. Hakupata banda. Lile alilonalo alilijenga mwenyewe, kwa mabati na, sawasawa, turubai.

Fundi wake alijifunza kwa Mhindi aliyekuwa akishona viti vya magari ya walowezi. Huyo Mhindi alijifunza wapi, Mzee hajui. Mnyororo unakatika hapo. Hakuna cheti chochote katika hadithi hii yote, na mimi mwenye cheti nusu sina la kusema.

Kuna mifuko ya simiti, hata hivyo. Imetundikwa ukutani nyuma ya cherehani, kila mmoja umekatwa umbo la paa fulani, na maandishi ya kalamu ya Bic: "Beetle nyuma, acha inchi 1." "Peugeot 404, kushoto, usivute sana." "Land Rover fupi." "MG, mwenyewe ni mkali." Ya kwanza kabisa ameirithi, na karatasi yake imekuwa laini kama kitambaa. Watu wa kumbukumbu za taifa hawajawahi kuja kuiangalia, na sidhani kama wanajua ipo. Hakuna nakala.

Kiwanja kimeuzwa. Mwenye plot mpya ataweka ghorofa, na mafundi wote wa safu hiyo wamepewa mpaka mwisho wa Desemba. Mzee anasema atarudi nyumbani Murang'a, macho nayo hayaoni tundu la sindano vizuri. Nilimwuliza mifuko ataifanyia nini.

"Kijana, hiyo ni karatasi," akasema. "Kazi iko hapa." Akanionyesha vidole.

"Lakini Mzee, ukienda na vidole, sisi tutabaki na nini?"

Akafikiri. "Basi chukua. Lakini usizikunje, zinapasuka kwenye mkunjo."

Kwa hivyo zimo chumbani kwangu sasa, zimeviringishwa ndani ya mabomba ya plastiki, vipande 63. Nimevipima vyote na kuvipiga picha. Vipande 62 vina jina la gari. Kimoja hakina, na Mzee mwenyewe hakumbuki alikikata lini wala kwa ajili ya nani: paa fupi, la viti viwili, nafasi ya kioo cha nyuma upana wake ni inchi 31, pembe za chini zimekatwa mviringo, na upande wa dereva, wa kulia, kuna alama ya msalaba mwekundu karibu na mshono. Kama unalitambua, au babako aliwahi kuwa na gari kama hilo, niandikie kupitia wahariri.